Fundi Lehemu na Meza Iliyoazimwa kwa Wiki Moja

Ijumaa tarehe 28 Novemba, saa kumi kamili jioni, king'ora cha kiwanda chetu cha biskuti kitalia kama kinavyolia kila siku, ila safari hii kitamlilia mtu mmoja. Ni fundi wetu wa vikatio, ambaye wakubwa kwa wadogo tunamwita Fundi Lehemu. Siku hiyo atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja, miezi minne na siku kadhaa za utumishi. Hizo siku kadhaa amekataa zihesabiwe. Anasema anayehesabu siku ni mfungwa, na yeye katika miaka yote hii amefungwa mara moja tu, stoo, kwa bahati mbaya, na alitolewa kabla ya chai.

Mwandishi wa wasifu huu ni msimamizi wa zamu katika ukumbi wa ukataji. Kamati ya sherehe ilimwomba ukurasa mmoja. Ameandika zaidi, na anaomba radhi. Ana wiki saba tu tangu afunge ndoa, na mtu wa hali hiyo ukimpa kalamu ni sawa na kumpa mtoto filimbi. Mke wake amemsihi asimtaje popote humu. Basi hatatajwa, isipokuwa pale ambapo ukweli utalazimisha.

Kabla ya kufika mbali, msomaji ajue kwamba Fundi anastaafu kinyumenyume. Watu wengine wakistaafu huiacha kazi kazini na kurudi nyumbani. Kazi ya Fundi iko nyumbani, juu ya meza ya kulia chakula, na kustaafu kwake maana yake ni kuitoa pale. Mke wake ameisubiri meza hiyo kwa miaka ishirini na saba. Mwezi uliopita, ikiwa imebaki hatua mbili aipate, nusura aikose tena, na aliyesababisha ni mwandishi huyu huyu mnayemsoma. Kwa hiyo mengine humu ni pongezi, na mengine ni toba.

Fundi aliingia kiwandani akiwa na miaka ishirini na tisa, akaajiriwa kubeba magunia ya unga. Enzi hizo alikuwa mwembamba na gunia lilikuwa nene, kiasi kwamba wenzake waliona gunia linatembea lenyewe na wakaliamkia. Miezi sita baadaye birika la chai la idara ya tanuri likatoboka. Wakati wengine wanajadiliana nani alaumiwe, yeye alilibeba, akaenda nalo nyumbani, na kesho yake akalirudisha halivuji hata tone. Kulehemu alifundishwa na mjomba wake, aliyekuwa akitengeneza taa za mafuta. Msimamizi wa wakati huo alilijaza birika maji, akalitikisa juu ya kichwa chake mwenyewe ili apate uhakika, na alipobaki mkavu, magunia yakapoteza mbebaji na kiwanda kikapata fundi.

Kwa ndugu wa ofisini ambao hawajawahi kufika ukumbi wa ukataji (tunawakaribisha, kofia zipo), kikatio ni ukanda mwembamba wa chuma uliokunjwa ukapata umbo la biskuti, yaani duara, mraba, nyota au moyo, kisha ncha zake zikaunganishwa. Vikatio ishirini na vinne hupangwa kwenye fremu moja. Mashine huishusha fremu juu ya unga uliokandwa na kutandazwa, ikiinuka biskuti ishirini na nne zimeshakatwa. Chuma hicho ni chembamba mno. Ukikipeleka kwa wachomeleaji wa mageti, moto wao unakikunja kama jani lililoangukia jikoni. Kinataka kulehemu: mwali mdogo, lehemu, yaani madini laini ya kuungia, isiyo na sumu ya risasi kwa kuwa biskuti huliwa na watoto, na mkono usio na haraka. Mkono wa namna hiyo tulikuwa nao mmoja tu.

Katika mwaka wake wa nne ikatoka amri. Vumbi la unga likielea hewani hushika moto kama petroli, na Meneja wa wakati huo akapiga marufuku mwali wa aina yoyote ndani ya majengo, hata kibiriti mfukoni. Ilikuwa amri nzuri, na ndiyo sababu paa letu bado liko juu ya vichwa vyetu. Lakini Fundi alehemu wapi? Meneja alimpeleka nje, nyuma ya stoo, akamwonyesha mahali patakapojengwa kibanda cha ufundi, akamwomba vikatio avipeleke nyumbani kwa wiki moja tu.

Wiki hiyo imedumu miaka ishirini na saba. Wamekuja mameneja wengine watatu, na kila mmoja alipokabidhiwa ofisi alipelekwa nyuma ya stoo, akasimama mikono kiunoni, akatamka kwamba kibanda kitakaa vizuri sana pale. Wa pili alipima kwa hatua. Wa tatu alileta kamba. Kamba tuliitumia kuanikia aproni.

Sasa tuje kwenye meza. Amri ilipotoka, Fundi alikuwa na mwezi mmoja tu tangu aoe. (Mwandishi alipoligundua hili ilibidi akae chini.) Shangazi zake bibi harusi walikuwa wameagiza meza ya kulia chakula kama zawadi, ya watu sita, miguu imechongwa. Seremala alichelewa, kama dini yao inavyowataka. Meza iliingia ndani siku ya Jumanne, vanishi bado inanata, watu wakaambiwa wasiiguse mpaka Jumamosi. Alhamisi amri ikatoka. Ijumaa Fundi akaingia sebuleni na vikatio thelathini, mtungi mdogo wa gesi, na jiliwa, ile zana nzito ya kubania chuma ambayo hufungwa kwa skrubu pembeni mwa meza. Mke wake alikubali kwa moyo mweupe. Wiki moja ni nini kwa watu wanaopendana?

Hivyo ndivyo alivyopata jina la Mama Mwenye Meza, ambalo tunalitumia kwa heshima zote, ingawa hakuna sahani iliyowahi kutua juu ya meza hiyo.

Familia ilikula kwenye kochi, sahani mapajani, wote wameelekea mlangoni kama wanaosubiri kuitwa na daktari. Watoto wawili walizaliwa na kukua katika mtindo huo. Binti yao, ambaye leo ni mwalimu, alipoalikwa chakula kwa mara ya kwanza nyumbani kwa rafiki yake, alivuta kiti kwa adabu, akashukuru, akaichukua sahani yake na kuiweka mapajani, chini ya meza. Wenyeji walimwona ameinamisha kichwa, wakadhani anasali, nao wakafumba macho. Chakula kilipoa.

Mama alidai meza yake kwa njia za kila aina: kwa upole, kwa kununa, na mwaka mmoja kwa barua iliyotiwa saini na watoto. Mwishowe aliweka sharti mbele ya mashahidi, kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka hapa hapa kiwandani. "Baba watoto, mimi sina haraka," alisema. "Siku unayostaafu, kabla hujanionyesha hicho cheti chako, nionyeshe meza yangu. La sivyo utakula na cheti kwenye kochi. Mimi nahamia kwa dada yangu, ana meza mbili." Fundi aliapa. Watu mia moja na kumi walimsikia akiapa, na mpiga picha alipiga picha.

Wengi wetu tumefika sebuleni pale kupeleka vikatio vilivyoachia, na tumeishuhudia kazi yenyewe. Kwanza Fundi husugua chuma kwa msasa mpaka king'ae kama kijiko cha wageni. Baada ya hapo ni mwiko kukigusa kwa kidole, kwa sababu kidole kina mafuta, na mafuta na lehemu hawasalimiani. Hupaka dawa ya kulehemia kwa brashi ndogo, huzikutanisha ncha mbili bila kuzisukuma, kisha huuleta mwali kwa chini. Halafu anasubiri. Kwenye kusubiri ndiko wanafunzi wake wengi walikoanguka. Waliuelekeza moto kwenye lehemu, ikayeyuka, ikadondokea chuma baridi na kuganda juu yake kama kamasi, na asubuhi kiungo kikaachia. "Usiipashe lehemu," Fundi huwaambia. "Pasha chuma. Chuma kikiwa tayari, lehemu itakimbia yenyewe." Na kweli, akiigusisha tu inakimbia kwenye mshono wote, inang'aa, inatulia. Mwisho hukiosha kwa maji ya moto na sabuni, maana dawa ikibaki huleta kutu.

Maneno hayo mwandishi aliyasikia mwaka jana, wakati akimpenda binti mmoja (hatatajwa) ambaye mwandishi alikuwa akimtumia ujumbe arobaini kwa siku na kupata jibu moja kwa juma, nalo ni "sawa". Aliondoka kwa Fundi akitembea polepole. Kumbe muda wote alikuwa anapasha lehemu! Akaacha ujumbe. Akaanza kumsikiliza, kumbebea ndoo, kumuulizia hali ya mama yake. Baada ya miezi mitatu lehemu ilikimbia yenyewe, tena kwa kasi. Fundi hajawahi kudai sifa yoyote kwa ndoa hii, ila siku ya harusi alikula sahani tatu na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Fundi naye ni binadamu, na kosa lake moja limo katika daftari la geti. Kuna siku alilehemu kikatio cha nyota juu ya sinia la chai la Mama, kwa sababu bati lake la kulehemia lilikuwa limeoshwa na bado halijakauka. Lehemu ilipita chini ya nyota ikalishika sinia. Yeye hakutazama, akavifunga vyote katika gazeti, akaja kazini. Aligundua ukumbini. Kuvitenganisha kulihitaji moto, na moto ni marufuku kiwandani. Kuvirudisha nyumbani kulihitaji kupita getini, na mlinzi wetu haruhusu chuma chochote kitoke kama hakikuandikwa wakati wa kuingia. Sinia halikuandikwa. Basi likakaa stoo wiki tano, nyota imelilalia kifuani, haliwezi kutoka wala kukaa. Mwishowe Mama alikuja mwenyewe getini na vikombe viwili vya chai ya moto, akamwambia mlinzi, "Nishikie hivi mwanangu, maana mimi sina pa kuviweka." Akakaa kwenye benchi, akatoa kitambaa chake, akaanza kufuma. Mlinzi alishika vikombe kuanzia saa tatu mpaka saa sita mchana. Saa sita na dakika tano sinia lilitoka.

Lakini mbali na sinia, rekodi ya Fundi ni safi. Viungo alivyolehemu ni zaidi ya elfu tisa, na katika miaka yote hiyo hakijapatikana hata kipande kimoja cha chuma ndani ya biskuti. Amemfundisha dada mmoja wa idara ya tanuri, ambaye ndiye mrithi wake, na ambaye anajua kusubiri kuliko sisi sote. Fundi hakuwahi kuchelewa kazini. Hakuwahi kugombana na mtu, isipokuwa feni ya ofisini, ambayo anasema inamtazama vibaya.

Sasa toba.

Mwezi wa Oktoba mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Mama alikuwa ameshaanza kuhesabu wageni. Fundi alikuwa ameshalegeza skrubu za jiliwa, na nusu ya meza ilikuwa wazi, ikipigwa na jua kwa mara ya kwanza. Tarehe 24, siku ishirini baada ya harusi, mwandishi alikuwa amesimama kando ya mashine ya kukata, akiizungusha pete yake kidoleni. Kanuni inasema pete zivuliwe mlangoni. Mwandishi aliijua kanuni hiyo, maana ndiye aliyeibandika ukutani. Lakini alikuwa amemwahidi mke wake kwamba pete haitatoka kidoleni mpaka kufa, na siku hiyo akasahau kwamba kidole chenyewe kilikuwa kimepakwa mafuta mazuri asubuhi kwa mapenzi. Pete ikateleza, ikaruka, ikaingia chini ya fremu. Fremu ikashuka upande. Kikasikika kishindo, halafu viungo vikaachia kimoja baada ya kingine kama vifungo vya shati la mtu aliyeshiba.

Ilikuwa fremu ya mioyo. Mioyo ishirini na minne ilivunjika kwa pete moja ya ndoa. Mwandishi alitamani ardhi ipasuke, lakini sakafu yetu ni ya zege nzuri.

Kazi ya kulehemu mioyo ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu moyo una bonde juu na ncha chini, na ukipasha upande mmoja, mwingine unaachia. Fundi alipiga hesabu akasema ni wiki nne, kama Mungu akipenda na gesi ikitosha. Kustaafu kulibaki wiki tano. Jiliwa ikafungwa upya pembeni mwa meza. Mama alikwenda kabatini, akarudisha sahani sita alizokuwa amezitoa, akafunga mlango wa kabati taratibu. Waliooa wanajua maana ya mlango unaofungwa taratibu. Waliooa wiki saba wanaijua kwa kusimuliwa.

Mwandishi aliomba asaidie siku za Jumamosi, akakubaliwa kusugua kwa msasa tu. Alisugua kama anayefuta dhambi. Jumamosi ya kwanza alimaliza mioyo kumi na mmoja, akaipanga kwa mstari, akajipongeza. Fundi akapaka dawa, akawasha mwali, akasubiri, akagusisha lehemu. Lehemu ilikataa. Ilijikusanya ikawa vidonge, vidonge vikabingirika juu ya chuma kama umande juu ya jani, vikaanguka mezani. Akajaribu wa pili, hivyo hivyo. Akauinua moyo wa tatu, akaunusa. Akaunusa tena.

"Nani ameingia na harusi yake humu ndani?" Fundi aliuliza.

Ni yale mafuta. Kila asubuhi mikono ya mwandishi hupakwa mafuta yanayonukia maua na mtu ambaye hatatajwa, na mwandishi alikuwa ameigusa mioyo yote kumi na mmoja ili aone kama imelainika. Ikasuguliwa upya, siku nzima. Tangu hapo Fundi anamwita Bwana Harusi, na kila akifika pale hupewa kwanza sabuni ya kufulia na beseni, hata kama amepita kusalimia tu.

Kwa kosa hilo hesabu ya Fundi ikaharibika. Siku za akiba zikapungua, na uhakika ukapungua nazo. Halafu Meneja wetu wa sasa, mtu mwema mwenye haraka, akapendekeza jambo ambalo lilimfanya Fundi ashike kichwa: kwamba hata baada ya kustaafu aendelee kidogo na mioyo pale nyumbani, na dada mrithi awe anakwenda kufanyia kazi pale pale, kwa muda mfupi tu, mpaka kibanda kijengwe. Wiki moja hivi.

Fundi alilipeleka pendekezo hilo kwa mkewe kama mtu anayebeba bomu kwenye kijiko. Tulitegemea kusikia kwamba Mama amefunga mizigo. Badala yake alisema pendekezo ni zuri, na kwamba angependa kumwalika Meneja chakula cha mchana Jumapili, ili alizungumzie mwenyewe. Fundi anasema hapo ndipo alipoanza kuogopa kweli.

Meneja alifika saa saba akiwa na suti na tai. Mwandishi alikuwepo na sabuni yake. Mama alimpokea mgeni kwa furaha, akamwonyesha kochi, ambalo kwa umri wake limezama katikati kiasi kwamba ukikaa magoti yanakuja kidevuni. Kisha akamletea bakuli la supu ya moto, sahani ya wali na maharage, glasi ya maji, kikombe cha chai na ndizi. Vyote kwa pamoja.

Mkono mmoja wa Meneja ulikuwa na bakuli. Wa pili ulikuwa na sahani. Glasi aliibana kati ya magoti. Kikombe kilisimama juu ya kiatu. Ndizi ilikuwa mfukoni kwa juu, kama kalamu. Alitazama kulia, alitazama kushoto, akaiona meza, na juu yake ile mioyo ishirini na minne.

"Samahani Mama, hakuna hata kijimeza?"

"Kipo, mwanangu. Ofisi yako imekiazima kwa wiki moja. Karibu, kula, supu ikipoa si tamu."

Wakati huo huo simu yake ikaita, katika mfuko wa suruali, chini ya sahani. Meneja aliitazama sahani. Sahani ilitetemeka. Alijaribu kuinua bakuli juu kidogo ili apate njia, na tai yake ikaingia kwenye supu kimya kimya, kama mtu anayejua anakokwenda. Mama aliketi mkabala naye kwenye kigoda, amestarehe, akamweleza kwamba kwa watu wengine huwa ni vigumu mwanzoni, lakini baada ya miaka kumi mtu anazoea. Simu iliita mara nne. Alikuwa mke wake, Meneja alikuja kutuambia baadaye, akiuliza kama chakula ni kizuri.

Jumatatu asubuhi, kabla ya king'ora, lori la matofali lilikuwa nyuma ya stoo. Meneja alisimama pale mwenyewe, mikono kiunoni kama watangulizi wake, lakini safari hii na mwashi kando yake. Kibanda kilichoshindikana kwa miaka ishirini na saba kilijengwa kwa siku tisa, kikapata madirisha mawili, bomba la maji na mlango unaofunga. Tarehe 19 Fundi aliwasha mwali wake wa kwanza kabisa katika eneo la kiwanda. Alilehemu humo mioyo sita kati ya saba iliyobaki, dada mrithi akalehemu wa saba kwa mikono yake, na ukatoka mzuri kuliko ya wengi wetu. Fundi aliuzungusha kwenye mwanga, akautafutia kosa, akamkabidhi ufunguo wa kibanda bila hotuba.

Jumamosi tarehe 22 tulikwenda wanne kuihamisha jiliwa. Ilikuwa imekaa sana hata mbao zimeshika umbo lake. Tuliondoa bati, mitungi, brashi, mikebe ya dawa, misasa iliyochakaa, na vidonge vya lehemu vilivyojificha kwenye nakshi. Chini yake meza ilikuwa na madoa ya moto kama ramani ya visiwa. Mmoja wetu akasema seremala anaweza kuipiga randa ikawa mpya. Mama alimtazama mpaka akatoka nje. Kisha akaifuta mwenyewe, pembe hadi pembe, akavuta viti viwili, kimoja huku na kimoja kule, akatuambia tumekaribishwa siku nyingine, leo hapana. Mwandishi alilia njiani. Wenzake walimwacha nyuma.

Jumatatu Fundi alikuja kazini. Kwenye chai ya saa nne hakugusa biskuti. Tulishtuka, tukadhani meza imevunjika. Tulipomsonga sana akasema kwamba chakula cha Jumamosi hakikupita vizuri. Alipokaa na kuinua macho, mkewe alikuwa anamtazama. Katika ndoa yao yote hawajawahi kula wakitazamana. Wamekula bega kwa bega, macho mlangoni. Fundi hakujua kwamba mkewe akionja chumvi hufumba jicho moja. Mama naye akasema, "Kumbe unatafuna upande mmoja tu, siku zote hizi?" Fundi akaona aibu, akahamishia upande wa pili, akajing'ata ulimi. Mama akacheka, akaona aibu ya kucheka, akajifunika kwa kiganja. Wakamaliza wameinamia sahani kama wachumba waliokutanishwa na wazazi.

Jumapili, alisema Fundi, walijaribu tena. Walikaa, wakatazamana, wakashindwa. Ndipo Mama akasimama na sahani yake, akazunguka meza, akavuta kiti mpaka kikagusana na cha mumewe, wote wawili wakaelekea mlangoni. "Hapo sawa," akasema, na wakala vizuri mpaka ukoko. Viti vinne vilivyobaki vimewekwa ng'ambo kwa ajili ya wageni, na mgeni akifika hukaa peke yake mbele yao kama anayefanyiwa usaili. Mwandishi na mke wake (samahani mpenzi) walialikwa juzi, wakafaulu.

Fundi, asante kwa kila mshono, kwa uvumilivu wako juu ya pete yangu, na kwa kutufundisha nini kipashwe moto na nini kisubiriwe. Mama, asante kwa mkopo, na utusamehe kuchelewa kuurudisha. Menejimenti, wafanyakazi na mashine zote za kiwanda hiki tunawaombea afya, usingizi wa mchana na wageni wachache. Kaeni upande wenu wa meza, mkila bila haraka, na akibisha mtu mlangoni na kikatio kilichoachia, nyote wawili mmeshamwelekea: mwambieni aende kwenye kibanda.